Kuinuka Bila Kushika Kiti: Mwaka Mmoja wa Mazoezi na Kina Bibi

Kikundi kilianza na wanawake 23 katika uwanja wa shule ya msingi hapa Tanga, mdogo wao akiwa na miaka 57 na mkubwa 79. Wiki ya tatu ilipokwisha walikuwa wamebaki 14. Wale tisa hawakuondoka kwa uvivu, bali kwa makosa yetu sisi tuliowapangia mazoezi, na makosa hayohayo bado yanaonekana kila mahali ambapo mtu mwenye nia njema anawakusanya kina mama wazee, anawasha muziki na kuanza kuwarusha. Haya yameandikwa ili mwenye kikundi kama hicho, au binti anayetaka kumsaidia mama yake nyumbani, asianze pale tulipoanzia sisi.

Tulianza kwa kuiga. Vijana wa jogingi hupita barabarani Jumamosi alfajiri wakiimba, na tangu Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, Jumamosi ya pili ya kila mwezi imetangazwa kuwa siku ya mazoezi nchini. Tukachukua yaleyale ya vijana tukayapunguza kasi kidogo: mbio za pole, kuruka huku mikono ikipigwa juu ya kichwa, kuinama kugusa vidole vya miguu, dakika 45 bila kituo.

Kuruka ndiko kulikotutia hasara kubwa, na sababu yake hatukuambiwa na mtu mpaka mwezi wa pili, tena kwa kunong'onezwa. Mwanamke aliyezaa mara sita au saba, na hedhi ikakoma miaka kumi iliyopita, akiruka mkojo humtoka. Matone tu, lakini yanatosha kulowesha nguo mbele ya wenzake. Hawezi kusema. Atasema ana mgeni nyumbani, ana msiba, mjukuu anaumwa, na harudi tena. Tulipolijua hilo tuliona haya sana, maana lilikuwa jambo la kuuliza siku ya kwanza, faraghani, mmoja mmoja, na muulizaji awe mwanamke.

Tangu hapo kuruka kulifutwa, na kila mwanamke alifundishwa kukaza misuli ya chini ya nyonga, ile inayozuia mkojo na upepo. Anakaa au analala, anakaza kama anayezuia upepo usitoke mbele za watu, anavutia juu, anashikilia kwa sekunde tatu hivi mwanzoni huku akipumua kama kawaida, kisha anaachia kabisa kwa muda uleule. Mara 8 kwa mkupuo mmoja, mikupuo mitatu kwa siku, na muda wa kushikilia unaongezwa polepole hadi sekunde 10. Wengi hukosea mambo mawili: wanakaza makalio na tumbo badala ya misuli yenyewe, au wanabana pumzi na kusukuma chini, jambo ambalo huzidisha tatizo. Zoezi hili lisifanywe kwa kukata mkojo katikati ya haja kila siku, maana kibofu hujifunza kutomaliza. Matokeo huchukua miezi mitatu, kwa hiyo aliyejaribu wiki mbili akaacha hajajaribu bado. Kuna hila moja inayosaidia mapema zaidi: kaza kwanza, ndipo upige chafya, ukohoe au uinuke. Anayehisi kitu kimeshuka ukeni aende hospitali akapimwe kabla ya kunyanyua mzigo wowote.

Kugusa vidole vya miguu lilikuwa kosa la pili. Baada ya hedhi kukoma, mifupa ya mwanamke hupungua upesi kwa miaka kadhaa ya mwanzo, kwa sababu homoni iliyokuwa ikiilinda imeshuka. Pingili za uti wa mgongo zikiwa nyepesi, kuuviringisha mgongo mbele na kuubana kwa nguvu kunaweza kuzipasua kidogo kidogo bila anguko lolote. Bibi aliyepungua kimo kwa sentimita nne au zaidi tangu ujana wake, au ambaye mgongo wake wa juu umepinda, asiiname kwa mgongo wa mviringo hata siku moja. Muulize urefu ulioandikwa kwenye makaratasi yake ya zamani, kisha mpime leo ukutani.

Na zile dakika 45 zilituumbua siku mbili baadaye. Misuli isiyozoea mazoezi huanza kuuma siku inayofuata, na maumivu hufikia kilele karibu siku ya pili. Mwanamke aliyefanya mazoezi Jumamosi anashindwa kuchuchumaa chooni Jumatatu, na mumewe au mwanawe anamwambia, "Si nilikwambia?" Siku ya kwanza inatakiwa iwe fupi mno kiasi kwamba mtu arudi nyumbani akisema hajafanya kitu. Dakika 20 zinatosha, pamoja na kupasha mwili moto na kuupoza.

Tulisimama, tukawaomba radhi wale waliobaki, tukaanza upya kwa kupima. Kipimo kilikuwa kiti na saa tu. Mtu anakaa kwenye kiti chenye kimo cha sentimita 43 hivi, ambacho ndicho kimo cha viti vingi vya plastiki, anakunja mikono kifuani, kisha anasimama wima na kukaa tena mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Mwanamke wa miaka 60 hadi 64 anayefanya chini ya mara 12 yuko chini ya wastani wa rika lake. Miaka 65 hadi 69 mpaka ni 11, kuanzia 70 hadi 79 ni 10, na 80 hadi 84 ni 9. Akishindwa hata mara moja bila kushika, andika sifuri. Sifuri si aibu, ni mahali pa kuanzia.

Wengi wetu tulidhani watakaoshindwa vibaya kipimo hicho ni wale wasiotembea. Haikuwa hivyo. Walioshangaza ni wale waliokuwa wakitembea kila siku, sokoni, msikitini, kwa mashoga zao, hata saa nzima, na bado kiti kikawashinda. Kutembea ni kuzuri kwa moyo, presha na sukari, na kusiachwe. Lakini mwili unaotembea uwanda hubeba uzito uleule kila siku, na misuli ya mapaja na makalio haina sababu ya kuongezeka. Kazi za nyumbani nazo ni hivyohivyo: zinausaidia mwili, ila haziongezi nguvu kwa sababu mzigo hauongezeki. Hapo ndipo mpango wetu ulipobadilika. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 kwa watu wa miaka 65 na zaidi yana mambo matatu pamoja: angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya kadiri, mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi, na mazoezi mseto yenye mizani ya mwili, yaani kusimama bila kuyumba, na nguvu siku tatu au zaidi. Watu hulishika lile la kwanza, mengine mawili wakayasahau.

Jumatatu na Alhamisi zikawa siku za nguvu. Siku nyingine tatu au nne ni kutembea dakika 30, kwa mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza na mwenzake lakini hawezi kuimba. Mazoezi ya mizani yaliwekwa mwishoni mwa siku za nguvu, na siku moja zaidi nyumbani.

Zoezi mama ni kuinuka kwenye kiti. Kiti kiegemezwe ukutani, kwa sababu cha plastiki kwenye sakafu ya vigae hurudi nyuma, na kile chembamba hutanua miguu mpaka ikapasuka. Sisi tulipachika viwili, kimoja ndani ya kingine: vinakuwa imara, na kikalio kinapanda kidogo. Asiyeweza kabisa aongezewe blanketi lililokunjwa vizuri, kisha apunguziwe kunjo moja kila baada ya wiki moja au mbili. Anasogea mpaka nusu ya mbele ya kiti. Nyayo zinarudi nyuma kidogo ya magoti, upana wa nyonga. Anainamia mbele kutoka kwenye nyonga, mgongo umenyooka, mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, anatoa pumzi, anasimama. Kisha anakaa akihesabu moja, mbili, tatu. Huku kukaa polepole ndiko kwenye faida kubwa, na ndiko watu wanakokuruka kwa kujibwaga. Seti mbili za mara 8, na mapumziko ya dakika moja hadi mbili katikati.

Mambo yanayoharibika hapo ni machache na yanajirudia. Nyayo zikiwa mbele mno mtu hawezi kuinuka hata akiwa na nguvu. Magoti yakiingia ndani kama herufi X, fungia kipande cha mpira wa baiskeli juu ya magoti na mwambie auvute nje. Akibana pumzi presha hupanda ghafla, kwa hiyo tuliwataka wahesabu kwa sauti, maana anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi.

La pili ni kuinua visigino, ameshika ukuta au mgongo wa kiti, mara 10, anapanda kwa hesabu ya mbili na kushuka kwa tatu. La tatu ni kusukuma ukuta, mikono kwenye kimo cha kifua, mwili umenyooka kama ubao. La nne ni kuvuta tyubu.

Tanga ni mji wa baiskeli, na fundi yeyote ana tyubu zilizochoka ambazo atakupa bure au kwa fedha kidogo. Ioshe kwa sabuni, ikate uitoe sehemu yenye valvu, izungushe kwenye nguzo kwa kimo cha kitovu, kaa au simama, vuta viwiko nyuma mpaka mabega yakaribiane mgongoni. Kabla ya kila zoezi inyooshe juani uitazame: yenye nyufa ndogondogo itakatika na kumpiga mtu usoni. Mojawapo ya zetu ilikatika, bahati njema mwenyewe alikuwa amegeuza shingo. Tyubu hiyohiyo, kipande cha sentimita 40, ukiifunga upande mmoja, ukaijaza mchanga mkavu na kuufunga upande wa pili, inakuwa mzigo wa nusu kilo au zaidi kidogo wa kufunga kwenye kifundo cha mguu. Ipime dukani kwenye mizani ili zote mbili zilingane. Mchanga wa pwani uoshwe chumvi na kukauka kabisa kwanza.

La tano, lililowatisha wengi, ni kunyanyua dumu. Dumu la lita 5 lililojaa maji lina kilo 5, la nusu lina kilo mbili na nusu, kwa hiyo mzigo unaongezwa kwa kikombe. Tulianza likiwa juu ya stuli, si chini. Mwanamke anasogea karibu nalo, anarudisha makalio nyuma kama anayefunga mlango kwa nyuma mikono yake ikiwa imejaa vyombo, magoti yamelegea kidogo, mgongo umenyooka, anashika, anasimama. Mwenye mgongo uliokwisha kuvunjika pingili au mwenye maumivu makali asianze hili bila mtaalamu wa mazoezi tiba kumwona.

Mzigo unaongezwa lini? Akimaliza mara 12 kwenye seti zote mbili, na akiulizwa, "Bibi, ungeweza kuongeza ngapi?" akajibu tatu au zaidi, muda wa kuongeza umefika. Ongeza kidogo: nusu kilo, au punguza kunjo la blanketi, au ongeza seti ya tatu. Moja tu kati ya hayo kwa wakati mmoja. Sisi tuliwahi kuongeza mawili kwa pamoja, na wiki iliyofuata magoti manne yalikuwa yamevimba.

Kuhusu magoti, karibu kila mtu alikuja na hukumu: "Yamesagika, ute umekwisha, nimeambiwa nipumzike." Goti lililosagika linapopumzishwa, paja hupungua, na paja likipungua goti hubeba mzigo mkubwa zaidi. Kanuni tuliyotumia ni hii: maumivu yasiyozidi tatu au nne kati ya kumi wakati wa zoezi, yanayokuwa yameisha kufikia asubuhi inayofuata, yanavumilika na zoezi linaendelea. Yakizidi hapo au goti likivimba, punguza kina cha kukaa au idadi, usiache. Baadhi ya kina mama walikuwa wamekwisha kununua dawa za kuongeza ute na mikanda ya kutikisa tumbo, fedha ambazo zingetosha raba nzuri za mtumba na mayai ya miezi kadhaa. Inasikitisha, kwa sababu ni fedha za kuuza vitumbua.

Raba zenyewe zina umuhimu. Kanda mbili hazifai kwa mazoezi: mguu unang'ang'ania kiatu kwa vidole badala ya kukanyaga. Tafuta raba yenye soli bapa, isiyo laini mno, yenye kisigino kilichofungwa, na upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Mwenye sukari mwenye ganzi miguuni ajaribu viatu kwa kuviingiza mkono ndani kwanza, na akague nyayo kila akirudi, kwa kioo au kwa macho ya mjukuu. Kidonda kidogo kisichouma kwa mtu wa namna hiyo ni hatari kuliko kinachouma.

Presha ilipimwa kila mtu akiwa amekaa dakika tano, kabla ya kuanza. Tuliweka mpaka: iliyofika 180 juu au 110 chini, hakuna mazoezi siku hiyo, aende kituo cha afya. Tatizo lililotokea mara nyingi zaidi lilikuwa lingine. Wanaotumia dawa za presha za kukojoza maji, katika joto la kaskazi, walikuwa wakipata kizunguzungu wakiinuka. Glasi ya maji kabla, kivuli, saa kumi na mbili asubuhi badala ya saa mbili, na kutembeatembea dakika tano mwishoni badala ya kusimama ghafla, vilimaliza sehemu kubwa ya jambo hilo.

Wenye sukari wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamidi wanahitaji uangalifu wa ziada, kwa sababu zoezi nalo hushusha sukari. Ikiwa chini ya 5 (mmol/L) kwenye mashine ya kupimia, mtu anakula kwanza, ndizi moja au kipande cha mkate. Akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi na kuchanganyikiwa, ni vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, kisha kupimwa tena baada ya dakika 15. Siku moja ilitokea, na sukari ilikuwa nyumba ya tatu. Tangu siku ile pakiti ya sukari ilikuwa ya kwanza kuingia kwenye kikapu. Vipande vya kupimia ni ghali, na kikundi kilichanga kila wiki ili vipatikane kwa wale wachache wanaovihitaji kweli.

Kwa wote, maumivu au mkazo wa kifua, kukosa pumzi hadi kushindwa kusema sentensi, udhaifu wa upande mmoja, au uvimbe na maumivu ya shavu la mguu mmoja, ni kusimama na kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Kulikuwa na kikwazo kingine ambacho hakuna kitabu kilichotuandaa kukikabili, nacho ni mapenzi ya watoto. Mtoto amesomeshwa kwa biashara ya mkaa na vitumbua, amepata kazi mjini, anamwekea mama yake dada wa kazi. Ufagio unachukuliwa mkononi mwake, ndoo inachukuliwa, mbuzi ya nazi inachukuliwa. "Mama, umetumika vya kutosha, kaa." Mama anakaa. Baada ya miaka mitano hawezi kuinuka alipokaa, na mtoto anasema uzee umemfikia. Ni vigumu kumwambia kijana mwenye moyo mwema kwamba heshima yake inamdhoofisha mzazi. Kilichosaidia ni kumwita uwanjani aone kwa macho. "Shikamoo mama," anasema, na mama anaipokea amesimama wima na dumu la kilo 5 mikononi. Kwa waliobisha kwamba misuli ya mzee haikui tena, tuliwapa habari ya utafiti uliofanyika Boston, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1990: wazee 10 wa miaka 86 hadi 96, wakazi wa nyumba ya wazee, walifanya mazoezi ya nguvu ya mapaja kwa wiki nane, na nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Tuliomba jambo moja tu nyumbani: mama arudishiwe kazi mbili azipendazo. Wengi walichagua kukuna nazi.

Jambo lililovunja watu moyo karibu mwezi wa pili lilikuwa tumbo. Walikuja kulipunguza, na mizani haikusogea. Ni haki yao kuambiwa ukweli mapema: wiki nne hadi sita za mwanzo nguvu hupanda kwa sababu neva zinajifunza kuiamsha misuli iliyokuwepo, misuli yenyewe hufuata baadaye, na tumbo hufuata chakula zaidi kuliko zoezi. Kwa hiyo tuliacha kupima uzito kila wiki, tukapima kiti kila baada ya wiki nne. Aliyeanza na sita akafika tisa anaelewa bila kuelezwa.

Na chakula kilikuwa na pengo lake. Chai ya rangi na maandazi asubuhi, wali mwingi na kipande kidogo cha samaki mchana, uji usiku. Samaki mkubwa ni wa mume na wajukuu. Mtu mzee anahitaji protini ya gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, yaani gramu 60 hadi 72 kwa mwenye kilo 60. Yai lina gramu 6 hivi, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15, glasi ya maziwa 8, na samaki aliyepikwa gramu 100 hutoa zaidi ya 20. Yai au maharage ya jana yaliingizwa kwenye chai ya asubuhi, dagaa waliosagwa kwenye uji. Mwenye ugonjwa wa figo afuate kipimo cha daktari wake, si hiki.

Ramadhani ilikuja mwezi wa nne wa kikundi. Tulihamisha mazoezi, saa moja na nusu baada ya futari, seti moja badala ya mbili, mzigo uleule. Nguvu hubaki hata zoezi likipunguzwa, mradi mzigo usishuke. Masika ndiyo iliyotushinda kwa sababu uwanja ulijaa maji na darasa hatukupewa. Wiki tatu ziliondoka. Aliyekaa wiki tatu, au aliyelala na malaria wiki moja, haanzi pale alipoachia. Anarudi na nusu ya mzigo na kuupandisha kwa wiki mbili.

Kisha mwenzetu mmoja akaanguka. Hakuanguka uwanjani: ilikuwa usiku wa manane, akienda uani, dera refu, kanda mbili, sakafu ya choo imelowa. Akavunjika kifundo cha mkono. Asubuhi mtaa mzima ulijua kwamba "mazoezi yamemvunja," na watu watano hawakuja wiki hiyo. Hatukubishana. Tulikwenda nyumba kwa nyumba tukitazama njia ya kitanda hadi choo: taa au tochi karibu na mto, mikeka isiyokunjika ncha, pindo la dera lililopandishwa juu ya kifundo, ndala za zamani zilizolainika kutupwa, kukaa ukingoni mwa kitanda dakika moja kabla ya kusimama. Na mwanamke aliyepita miaka 50 akivunjika mfupa kwa kuanguka tu kutoka kimo chake cha kusimama, hiyo yenyewe ni dalili kwamba mifupa ni myepesi. Amwambie daktari hivyo, asikubali kufungwa hogo tu na kurudishwa nyumbani. Yeye aliendelea na mazoezi ya miguu akiwa na hogo mkononi, na kurudi kwake ndiko kulikowarudisha wale watano.

Baada ya hapo mizani ya mwili ilipewa uzito wake. Mtu anasimama pembeni ya ukuta, kidole kimoja tayari: miguu pamoja sekunde 10, kisha mmoja nusu mbele ya mwingine, kisha kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, kisha mguu mmoja. Asiyefikisha sekunde 10 katika hatua ya tatu yuko katika hatari ya kuanguka. Anafanyia kazi hatua ile inayomtikisa, si ile aliyoiweza. Huko New Zealand, mpango wa Otago uliobuniwa miaka ya 1990, wenye mazoezi ya miguu na ya mizani kama haya mara tatu kwa wiki na kutembea, ulipunguza maanguko kwa karibu theluthi moja, na ulifanyikia majumbani.

Mwezi wa tano tulianza kile walichokuwa wakikitaka wenyewe tangu mwanzo, ingawa hatukuwauliza: kushuka chini na kuinuka. Wengi walikuwa wakisali kwenye kiti kwa miaka, na waliokuwa Wakristo walikuwa wameacha kupiga magoti. Usianze na hili kabla kiti hakijafika 10. Weka mkeka na mto mwembamba wa magoti, kiti kizito ubavuni, na mtu mmoja nyuma asiyegusa. Kushuka: mkono kwenye kiti, mguu mmoja unarudi nyuma, goti la nyuma linatua polepole, kisha la pili, kisha mikono chini. Kuinuka: anakuja kwa mikono na magoti, anasogea karibu na kiti, anaweka mikono juu ya kikalio, anauleta mguu wenye nguvu mbele unyayo wote chini, pua mbele, anasukuma kwa mguu huo na kutoa pumzi. Anasimama, anahesabu mpaka tano kabla ya kuondoa mkono, maana kizunguzungu huja hapo.

Mara tatu tu kwa siku, mwanzoni. Kisha mkono mmoja badala ya miwili. Kisha vidole viwili. Kiti hakiondolewi ubavuni mpaka zipite wiki tatu mfululizo hajakigusa, na hata hapo kinasogezwa urefu wa mkono, kinaachwa hapohapo.